UZI: "Marekebisho madogo" yamenila Jumamosi nzima. Nyinyi mnaandikaje ujumbe wa komiti?

Fundi_Roysambu (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Acha niwasimulie kabla sijalala, maana nikilala hasira zitaisha na nitaona uvivu.

Kuna mfumo ninaoutunza wa sacco moja ya matatu hapa jijini. Si mkubwa. Kila gari lina mchango wa kila siku, makanga anatuma kwa paybill, mfumo unapokea na kuandika tarehe, kisha karani anatoa orodha ya waliolipa na wasiolipa. Asiyelipa ana faini, na faini zinakatwa mwisho wa mwezi. Basi.

Mapema mwezi uliopita nilikuwa nasafisha msimbo (nasema msimbo kwa sababu nikitaja kodi, keateka wangu anasikia mambo mengine). Nikakuta mstari unaotoa saa 3 kwenye muda wa malipo kabla ya kusoma tarehe. Mnajua Nairobi tuko saa 3 mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), na seva nyingi zinasoma UTC. Nikajiambia, aha, huyu aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa anapigana na saa ya seva, na hata akachanganya kutoa na kuongeza. Kwa adabu nikaangalia historia ya ule mstari kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo. Kila badiliko lililohifadhiwa huitwa komiti, na mwandishi huliandikia ujumbe. Ujumbe wa komiti hii: "marekebisho madogo". Nikaufuta ule mstari, nikaandika "rekebisha saa", nikasukuma (yaani nikatuma kwenye seva), nikashuka kibandani kula chapo madondo.

Juzi Ijumaa karani ananipigia. "Kijana wangu, hawa watu wa gari za usiku wananimaliza hapa ofisini. Gari saba zimekatwa faini, na wote wana meseji za kuonyesha wamelipa."

Jumamosi nimeanza saa mbili asubuhi. Nikakagua seva: saa yake ni ya Nairobi, sawa kabisa. Nikakagua malipo yanavyoingia, mmoja baada ya mwingine. Yote yapo, ila ya gari za usiku yana tarehe ya siku inayofuata. Nikampigia yule aliyeandika mfumo. "Mazee, hiyo ni zamani, mimi hata jana nilikula nini sikumbuki." Haki yake. Saa kumi jioni nikarudi kwa karani, nikamuuliza tu kwa kukata tamaa kama kuna kitu chochote kuhusu saa tatu. Akacheka.

"Si tulikubaliana mkutanoni? Gari za usiku hufunga kazi saa saba, saa nane. Pesa wanayotuma saa hiyo ni ya jana. Tukawapa mpaka saa tisa."

Saa sita hadi saa tisa. Saa tatu. Haikuwa na uhusiano wowote na UTC! Ilikuwa sheria ya sacco, na namba zikagongana kwa bahati mbaya. Sababu ilikuwa kichwani mwa karani na kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho mimi sijawahi kuwa ndani. Pale pekee ambapo mimi ningetafuta, kulikuwa na maneno mawili: marekebisho madogo.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, "rekebisha saa" yangu ni takataka ileile.

Sasa niambieni. Nyinyi kwenu kuna utaratibu?

---

Beba_Laptop

Mtu anakumbuka kutuma mchango saa nane usiku halafu anakatwa faini. Nyinyi watu wa kompyuta mtaulizwa siku ya kiama.

---

Kazi_Kwa_Kazi

Pole sana ndugu, lakini naona unalaumu kisichofaa. Huo mstari ulikosa maelezo juu yake ndani ya faili. Maneno sita tu, "sheria ya sacco, gari za usiku", na usingeugusa. Hayo ya ujumbe wa komiti ni mapambo.

Mimi nafanya kazi peke yangu, wateja watatu, kila mmoja anataka jana. Saa nne usiku stima inapepesa, betri iko nusu, nakomiti kila kitu na ujumbe ni "stima inaenda". Ukiingia kwenye ripo zangu (hazina za msimbo na historia yake) utajua historia ya umeme wa Kahawa West kuliko historia ya programu. Na wateja wanalipa. Nani anasoma hizo komiti?

---

MamaSeva

@Kazi_Kwa_Kazi nani anasoma? Wewe, baada ya miezi minane, mteja akikupigia.

Lakini una haki nusu. Mstari ule ulistahili maelezo palepale, na hata zaidi ya maelezo: ile 3 ingepewa jina. Uandike SAA_ZA_NYONGEZA_GARI_ZA_USIKU, hakuna mtu atadhani ni UTC.

Nusu ya pili ndiyo unayoikosa. Maelezo ndani ya faili yanaeleza mstari ulivyo leo. Komiti inaeleza badiliko: tulikuwa wapi, tumeenda wapi, nini kilitusukuma. Badiliko moja linaweza kugusa faili tisa. Utaandika maelezo yaleyale mara tisa? Halafu maelezo ya ndani yanaoza. Mtu anabadilisha mstari, anasahau maneno yaliyo juu yake, na sasa una maneno yanayodanganya. Komiti haiozi namna hiyo, kwa sababu imefungwa na hali ya siku ile. Hata kama sheria ya sacco ikibadilika mwaka ujao, ile komiti bado inasema ukweli kuhusu siku ilipoandikwa.

Na stima ikienda, komiti tu, hakuna anayekukataza. Ifanye kwenye tawi lako, nakala ya pembeni unayofanyia kazi. Asubuhi, kabla hujaunganisha na tawi kuu, fungua git rebase -i, zibane zile tano za "stima inaenda" ziwe moja yenye maana. Tawi lako ni chumba chako cha kulala. Tawi kuu ni sebule, wageni wanaingia.

---

Mzee_wa_Terminali

Vijana hamjambo.

Nyingi za hizi desturi zina asili, si mtu aliamka akaamua kuwasumbua. Git aliiandika Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, baada ya kundi la kernel (kiini) ya Linux kupoteza leseni ya bure ya BitKeeper, programu ya kutunza mabadiliko waliyokuwa wakiitumia. Watu wa kernel walikuwa wakitumiana mabadiliko kwa barua pepe, na bado wanatumiana. Ukigeuza komiti kuwa barua, mstari wa kwanza ndio unakuwa kichwa cha barua, na yaliyobaki ni mwili. Ndiyo maana lazima kuwe na mstari mtupu katikati. Ukiusahau, Git inachukua kila kitu mpaka mstari mtupu wa kwanza na kukifanya kichwa. Nimeona kichwa cha komiti chenye aya nzima, kama tangazo la harambee.

Kuhusu urefu, desturi ya herufi kama 50 kwa kichwa na 72 kwa mistari ya mwili ilisambazwa sana na maelezo ya Tim Pope ya mwaka 2008. Ile 72 si namba ya uchawi. Amri ya git log inasogeza ujumbe nafasi 4 kutoka kushoto. Ukiacha 4 nyingine kulia ili pasawazike, kwenye terminali ya herufi 80 unabaki na 72. Ile 50 ni ya kukulazimisha ufikirie. Ukishindwa kukisema kichwa kwa herufi 50, mara nyingi umefanya mambo mawili kwenye komiti moja. Zitenganishe.

Na usidhani Torvalds mwenyewe alikuwa mkavu. Komiti ya kwanza kabisa ya Git inaitambulisha programu kama msimamizi wa taarifa kutoka jehanamu. Mzaha, lakini ukiusoma unajua kilichomo.

---

Mwanafunzi_Juja

Samahani wakubwa, swali la mgeni. Mimi hutumia git commit -m halafu maneno ndani ya alama. Huo mwili mnauandikia wapi? Na je, kama nimeshasukuma ujumbe mbaya?

---

MamaSeva

Mdogo wangu, iache -m nyumbani. Andika git commit peke yake, Git itakufungulia kihariri. Ukiongeza -v, itakuonyesha chini mistari yote uliyobadilisha, ili uandike huku unaiona. Mimi siku hizi sifanyi bila hiyo. Mara mbili tatu nimekuta neno la siri la hifadhidata liko pale chini likinitazama, nikaacha kukomiti.

Ujumbe mbaya ambao bado uko kwako: git commit --amend. Lakini jua kwamba hapo hurekebishi komiti, unaunda nyingine. Namba yake inatokana na yaliyomo ndani pamoja na ujumbe, kwa hiyo ukigusa hata koma, namba inabadilika. Kama umeshasukuma kwenye tawi ambalo wenzako wanalitumia, meza aibu yako, iache. Ukiisukuma kwa nguvu, kesho ofisi nzima inakutafuta.

(Na kihariri kikikufungia ndani: Esc, kisha :wq. Sote tulilia siku ya kwanza.)

---

Bin_Kilindini

Salaam waungwana. Niko Nairobi mwaka wa sita sasa lakini Kiswahili changu hakijapanda SGR, kwa hiyo niruhusuni niongee lugha.

Nilipewa ripo ya timu inayoandika kwa Kiswahili. Nilifurahi kwa dakika moja. Kwenye ukurasa mmoja nilikuta hivi:

> Nimeongeza uthibitisho wa namba za simu
> kuongeza kitufe cha kutoka
> Imeongezwa ripoti ya wiki
> nyongeza kwa faini
> Ongeza jedwali la magari

Kitendo kimoja, nguo tano. Kila mtu ameandika Kiswahili sahihi, na bado huwezi kusoma orodha hiyo kwa jicho la haraka.

Wenzetu wa Kiingereza walishaamua: wanaandika kwa namna ya kuamuru, kama Git yenyewe inavyoandika ikiunganisha matawi au ikitengua komiti. Watu wananiambia eti tunaiga. Mimi nasema Kiswahili kina sababu yake chenyewe, tena nzito kuliko ya Kiingereza. Tazama "nimeongeza". Ni ni nani? Mwandishi. Git imeshamwandika, jina na barua pepe. Me ni nini? Wakati, jambo limeshatimia. Git imeshaandika tarehe, saa na dakika. Yaani herufi nne za mwanzo wa kichwa, mahali pa thamani kuliko pote, umezitumia kumwambia msomaji mambo mawili anayoyaona palepale pembeni. Kitenzi chenyewe kimejificha katikati ya neno. Orodhesha komiti 20 za namna hiyo: nime, nime, nime, nime. Macho yanateleza.

"Ongeza" inaanza na kitendo. Mama akikufundisha pilau hakuambii "nimekaanga kitunguu, vimepondwa vitunguu saumu". Anakwambia kaanga, ponda, tia. Komiti ni hivyohivyo: ukiipokea hii, itafanya nini kwenye programu yako? Ongeza. Ondoa. Rekebisha. Gawa. Rudisha.

Tahadhari moja, ukikataza. "Usitoze faini kabla ya saa tisa" inasomeka kama unamwonya karani. "Acha kutoza faini kabla ya saa tisa" ni salama zaidi.

Na kwa walioshakosea tayari, yaani sote: ukitafuta kwenye historia, usitafute neno, tafuta mzizi. git log -i --grep=rekebish itakuletea rekebisha, nimerekebisha, imerekebishwa na marekebisho kwa mkupuo mmoja. Kiswahili kinabadilika mbele na nyuma, moyo wa neno unabaki.

---

Beba_Laptop

Huyu Bin ametufundisha sarufi bila kututoza karo. "Ni" ni mwandishi, "me" ni tarehe. Sitasahau.

---

Kazi_Kwa_Kazi

Hiyo ya "nime" imenigusa, nakiri. Lakini Kiswahili kwenye komiti mnajipalia makaa. Kesho unapata mwenzako wa Lagos au Kigali, au mteja anauza kampuni, wanunuzi wanataka kusoma historia. Kiingereza na tumalize. Tena "rekebisha" ina herufi 9, "fix" ina 3. Hizo 50 zako zitaisha kabla hujafika kwenye jambo.

---

Fundi_Roysambu

Kwa mradi wa dunia nzima nakubali, andika lugha ya dunia nzima. Huu wangu ni wa sacco. Watu watatu, wote wa hapa. Na mambo yaliyomo ndani yana majina ya hapa: makanga, mchango, karani. Nimejaribu kuyaandika kwa Kiingereza, nikajikuta natafsiri kichwani mara mbili, na sababu ndiyo inayopotea njiani. "Rekebisha" ni refu, sawa, lakini mara nyingi hulihitaji. Ukisema kilichobadilika hasa, kitenzi kinakuwa kingine: pokea, hesabu, zuia. Nina mfano. Zamani uthibitisho wetu wa namba za simu ulikuwa unakubali 07 peke yake. Namba za 01 zilipoanza kutoka, wateja wapya wakawa wanakataliwa. Komiti iliyotibu inasema "fix namba". Leo ningeandika "Pokea namba za simu zinazoanza na 01". Herufi 36, nimezihesabu, na neno rekebisha halimo.

Kinachoniudhi ni kuchanganya. Timu ichague moja, ikae nayo.

---

Dada_Takwimu

Mbona hakuna aliyetaja vile viambishi vya mwanzo wa ujumbe, feat (jambo jipya) na fix (tiba ya kosa) na docs (maelezo) na wenzao? Kwetu ni lazima, kuna skripti inakataa komiti isiyo navyo.

---

MamaSeva

Vina kazi kama kuna kitu kinachovisoma. Kwenye utaratibu ule, fix inapandisha namba ya mwisho ya toleo, feat inapandisha ya katikati, na badiliko linalovunja ya zamani linapandisha ya kwanza. Mashine inatoa toleo na orodha ya mabadiliko bila mtu kugusa. Safi sana kwa maktaba inayotumiwa na wengine. Lakini nimeona timu inavilazimisha, hakuna mashine inayovisoma, na ujumbe ni "fix: fix". Skripti imeridhika. Binadamu je?

---

Mdadisi_South_B

Fundi, umesema uliangalia historia ya mstari ukakuta "marekebisho madogo". Uliifikia moja kwa moja? Mimi nikitumia git blame, amri inayoonyesha komiti ya mwisho kugusa mstari, mara nyingi napata komiti ya mtu aliyepanga upya nafasi za faili nzima.

---

Fundi_Roysambu

Umenishika. Mara ya kwanza blame ilinipa "panga nafasi", komiti iliyogusa faili zote siku moja. Nikapita kwa git log -S, inayotafuta komiti zilizoingiza au kuondoa maneno fulani, ndipo nikafika. Siku hizi kupanga nafasi ninakuweka kwenye komiti yake peke yake, na namba yake naiandika kwenye faili ambalo blame inaambiwa ilipuuze. Git ina uwezo huo tangu toleo la 2.23 la Agosti 2019. Nilijua mwaka huu.

---

Mwanafunzi_Juja

Je, si siku hizi kuna akili bandia inaandika ujumbe wenyewe? Unabonyeza, inasoma mabadiliko, inaandika.

---

Mzee_wa_Terminali

Inaandika, tena kwa lugha nzuri kuliko yangu. Lakini fikiria mstari wa Fundi. Ingeona saa 3 zinatolewa, ingeandika "Toa saa 3 kwenye muda wa malipo". Sahihi kabisa. Hiyo hata mimi naiona nikitazama mistari. Mkutano wa sacco haikuhudhuria. Ukiitumia, kichwa iachie, sababu andika wewe.

Jambo jingine la kernel la kuiga, maana halina gharama. Komiti inayotibu kosa lililoletwa na komiti nyingine inaitaja chini kwa namba, herufi 12 za mwanzo, pamoja na kichwa chake. Kama kosa halijulikani lilianzia wapi, git bisect inagawa historia nusu kwa nusu: komiti 1000 unazimaliza kwa hatua kama 10. Mwisho wake inakukabidhi komiti moja. Hapo ndipo utajua kama mwenzako alikuachia barua au "marekebisho madogo".

---

Kazi_Kwa_Kazi

Haya, nimefungua ripo ya mteja mmoja nihesabu. Komiti 212. "stima inaenda" ziko 31. "stima imerudi" ziko 12.

Inamaanisha mara 19 haikurudi.

---

Fundi_Roysambu

😂😂 Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Wadau, nimeurudisha ule mstari, na ile 3 sasa ina jina. Ujumbe ndio huu, upigeni mawe kabla sijasukuma:

> Hesabu malipo ya usiku kwa siku ya kazi
>
> Makanga wa gari za usiku hufunga kazi baada ya saa sita na
> kutuma mchango kabla ya saa tisa. Fedha hizo ni za siku
> iliyopita, kwa makubaliano ya mkutano wa sacco. Ndiyo maana
> tunatoa saa 3 kabla ya kusoma tarehe.
>
> Saa 3 hizi hazihusiani na UTC. Seva inasoma saa ya Nairobi.
>
> Inarudisha mstari uliofutwa na "rekebisha saa", ambayo
> ilisababisha gari za usiku kukatwa faini bila kosa.

---

Bin_Kilindini

Kitenzi mbele, hakuna nime. Nimeridhika. (Hiyo nime ni yangu, naruhusiwa.)

---

Mzee_wa_Terminali

Kichwa herufi 39. Mstari mtupu upo. Namba ya komiti uliyoitaja haipo, iweke. Ukishaiweka, sukuma.

---

Fundi_Roysambu

Nimeiweka, nimesukuma. Faini za gari saba zinarudishwa Jumatatu. Karani nilimsomea ujumbe kwa simu nihakikishe sijakosea sheria yao. Akanisimamisha kwenye "kabla ya saa tisa": kumbe Jumamosi na Jumapili ni mpaka saa kumi.

Nafungua laptop tena.